Kitanzi na Kifungo: Adhabu ya Kifo katika Historia ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mjadala wa adhabu ya kifo aghalabu huendeshwa kana kwamba unahusu watu wawili tu, muuaji na aliyeuawa, na kana kwamba linalobaki kuamuliwa ni iwapo muuaji huyo anyongwe au afungwe kwa miaka mingi. Historia ya mitaa ya Eastlands, yaani makazi yaliyoenea mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi, kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni za zama za ukoloni hadi Dandora, Umoja na Kayole zilizokua baada ya uhuru, inaulazimisha mjadala huo upanuke. Kwa zaidi ya nusu karne, wakazi wengi wa mitaa hii waliosimamishwa mbele ya sheria inayoamuru kifo hawakushtakiwa kwa kumuua mtu. Walishtakiwa kwa kupatikana na risasi, kwa kulisha kiapo, kwa kufuatana na wenye silaha, na baadaye kwa kupora mali. Anayetaka kujua kama kitanzi kina haki kuliko kifungo kirefu hana budi kutazama kwanza kilitumiwa dhidi ya nani, kwa makosa gani na katika mahakama za namna gani, na akifanya hivyo kwa uaminifu ataona kwamba rekodi ya Eastlands haikitetei kitanzi hata kidogo.

Kunyonga kwa amri ya serikali hakukuwa desturi ya jamii zilizokuja kuijaza mitaa hiyo. Miongoni mwa Wagikuyu mauaji yalihesabiwa kuwa deni baina ya koo, na ukoo wa muuaji ulilipa fidia ya mifugo kwa ukoo uliofiwa. Wakamba walikuwa na kingole, yaani kifo cha hadhara kwa uamuzi wa wazee, lakini walikiweka akiba kwa mchawi au mwizi sugu aliyeshindikana, na hakikutekelezwa mpaka jamaa wa karibu wa mhalifu waridhie. Waislamu wa Pumwani nao walijua hukumu ya kisasi, ambayo ndani yake warithi wa marehemu wana hiari ya kudai damu, kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe kabisa. Desturi hizi zilitofautiana sana, na baadhi yake zilikuwa kali, lakini zote ziliwapa waliofiwa na jamaa wa mkosaji sauti katika jambo hilo. Sheria ya kikoloni, iliyotumia kwanza Kanuni ya Adhabu ya India na kisha, kuanzia mwaka 1930, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya Kenya, iliiondoa sauti hiyo na kuifanya roho ya mshtakiwa kuwa shauri la Serikali peke yake.

Tena haikuiondoa kwa usawa. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa la kifo alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la raia wenzake, ambao uamuzi wao ulimfunga jaji, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni tu na jaji alikuwa huru kuyakataa. Tofauti hiyo ilidumu muda wote wa utawala wa Uingereza, na haina budi kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba mahakama za kikoloni, hata zilipokuwa kali, zilikuwa sawa kwa wote.

Eastlands yenyewe ilizaliwa na utengano wa aina hiyo hiyo. Waafrika walihesabiwa kuwa wageni wa muda mjini, wafanyakazi ambao siku moja wangerudi mashambani, na kwa hiyo walijengewa vyumba upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda, mbali na vilima vya magharibi walikokaa Wazungu. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea waliobomolewa nyumba zao Pangani. Ziwani na Kaloleni zikafuata katika miaka ya 1940. Vyumba vilikuwa vidogo, watu wakawa wengi kuliko vitanda, mishahara haikutosha kodi, na kipande, ile hati ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa nayo, kilimfanya mkazi wa kawaida aishi akiwa karibu na kukamatwa wakati wote. Haishangazi kwamba siasa za wafanyakazi zilichemkia huko. Katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na yeye na mwenzake Fred Kubai walipokamatwa mwezi uliofuata mgomo mkubwa uliitikisa Nairobi.

Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, yaani kipindi ambacho serikali ilijipa mamlaka ya kutawala kwa kanuni zisizopitia utaratibu wa kawaida wa kutunga sheria, damu ilikuwa tayari imeanza kumwagika mitaani, na iliendelea. Tom Mbotela, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU na mpinzani wa njia ya vita, aliuawa Novemba mwaka huo karibu na soko la Burma. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na mweka hazina wa Luo Union, alipigwa risasi mwaka 1953. Serikali iliyaita makazi mapya kwa majina yao, na ndiyo sababu mpaka leo maelfu ya wakazi wa Mbotela na wa mitaa ya Ofafa hutaja anwani zao bila kukumbuka kwamba wanawataja watu waliouawa. Mau Mau, vuguvugu la siri lililochukua silaha dhidi ya ukoloni, nao walikuwa na mahakama zao za siri mjini, zilizowahukumu kifo waliodhaniwa kuwa wasaliti bila ya rufaa wala utetezi wa maana. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu historia inayohesabu maiti za upande mmoja tu haiwezi kuaminiwa inapokemea vitanzi vya upande mwingine.

Jibu la serikali, hata hivyo, lilizidi mipaka ya kuwaadhibu wauaji. Kwa kanuni za hali ya hatari, orodha ya makosa ya kifo ilirefushwa ikaingiza kumiliki silaha au risasi bila kibali, kulisha kiapo cha Mau Mau, kuwapatia wapiganaji mahitaji yao na hata kufuatana na mtu aliyejulikana kuwa na silaha. Mwaka 1953 ziliundwa mahakama maalumu za hali ya hatari, zilizokusudiwa kuharakisha kesi hizo: uchunguzi wa awali, ambao katika kesi ya kawaida ulimwezesha mshtakiwa kuusikia ushahidi kabla ya siku ya hukumu, uliondolewa, na mawakili wakateuliwa kukaimu nafasi za majaji. Kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson, aliyeyachambua majalada ya kesi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2005, washtakiwa 2,609 walipita mbele ya mahakama hizo hadi mwisho wa mwaka 1956, na 1,574 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Waliofikishwa kitanzini kwa makosa ya Mau Mau walikuwa 1,090, na walio wengi miongoni mwao hawakupatikana na hatia ya kumuua mtu yeyote.

Idadi hiyo inastahili kupimwa. Hizi ndizo zile zile zama ambazo nchini Uingereza kwenyewe kunyongwa kwa mtu mmoja, kama Ruth Ellis mwaka 1955, kuliwatoa raia barabarani kwa maandamano na kulichochea Bunge kutilia shaka adhabu yenyewe, ambayo ilisimamishwa kwa mauaji mwaka 1965. Adhabu ambayo dhamiri ya Waingereza ilikuwa ikiikataa nyumbani kwao ilitekelezwa Kenya kwa wingi ambao haukupata kuonekana kwingineko katika himaya yao ya karne ya ishirini. Na kati ya waliosafirishwa njia hiyo alikuwemo Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ambaye kosa lililompeleka kitanzini Februari 1957, katika gereza la Kamiti, lilikuwa kupatikana na bastola.

Kwa wakazi wa Eastlands kitanzi hakikuja peke yake. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil, msako mkubwa ulioamriwa na Jenerali George Erskine, ambapo askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira mitaa ya Waafrika na kuipekua nyumba kwa nyumba. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapangwa foleni, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu, ambao kwa kutikisa kichwa waliamua nani apandishwe lori na nani aachwe. Gakunia, kama walivyoitwa kwa Kigikuyu, hawakuulizwa maswali na waliowatuhumu, wala majina yao hayakujulikana. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kwenye kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na wake na watoto kwa maelfu wakarudishwa mashambani. Ukamataji wa namna hiyo ulizalisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kesi za mahakama maalumu kwa waliopatikana na risasi au kutajwa na shahidi, na kizuizi bila ya hukumu kwa wengine wote.

Kizuizi hicho kinafaa kuwazuia watetezi wa kifungo kirefu wasijisifu haraka mno. Mtu aliyekaa Manyani miaka minne bila kufikishwa mahakamani, akifanyishwa kazi ya sulubu na kupigwa ili akiri, hakutendewa haki kwa sababu tu hakunyongwa. Pamoja na hayo, tofauti kati ya hatima hizo mbili ilionekana wazi kadiri miaka ilivyopita. Watu sita waliohukumiwa Kapenguria Aprili 1953 kwa kusimamia Mau Mau, akiwemo Fred Kubai aliyeujua vizuri umma wa Eastlands, walipewa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, na huko hukumu ilitolewa na hakimu aliyependelea upande wa serikali kwa njia ambayo leo hakuna anayeitetea. Hukumu ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na mwisho. Jomo Kenyatta, mmoja wa sita hao, alitoka akawa Waziri Mkuu na kisha Rais; Paul Ngei na Achieng' Oneko wakawa mawaziri; Kubai na Bildad Kaggia wakaingia Bungeni. Kijana aliyenyongwa kwa kosa la kukutwa na risasi mbili mfukoni hakuwa na uhuru wa kuusubiri. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilipoondolewa mwaka 2003, na serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake Juni 2013 na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, malipo hayo yaliwafikia waliokuwa hai, kwa maana madai yalifunguliwa na wale walioweza kusimama na kusimulia waliyotendewa. Hoja ya kwamba kosa la mahakama hurekebishika mtu akiwa gerezani na halirekebishiki akiwa kaburini hurudiwa mara nyingi hata ikachujuka. Lakini katika mitaa ya Bahati na Pumwani hoja hiyo si ya nadharia, kwa sababu zipo koo zenye mzee aliyerudi kutoka kambini na ndugu yake ambaye hata kaburi lake halijulikani.

Miaka ya mwisho ya ukoloni ilitoa tukio moja ambalo lilitumiwa kuthibitisha kwamba kitanzi hakibagui. Peter Poole, mhandisi wa Kizungu wa Nairobi, alimpiga risasi mtumishi wa nyumbani Kamawe Musunge mwaka 1959, akahukumiwa na kunyongwa Agosti 1960 licha ya maelfu ya Wazungu kutia saini maombi ya huruma. Ni kweli kwamba sheria ilitekelezwa. Lakini Mzungu mmoja kwa Mwafrika mmoja, baada ya zaidi ya watu elfu moja kunyongwa kwa makosa yasiyopata kumwangusha Mzungu yeyote, haiwezi kuitwa usawa; na kama hesabu hiyo inathibitisha lolote, inathibitisha kwamba adhabu hii huupenda zaidi upande usio na nguvu.

Uhuru haukuvivunja vitanzi vya Kamiti. Kenya iliirithi Kanuni ya Adhabu ikiwa na kifo cha lazima kwa mauaji na uhaini, yaani kifo ambacho jaji hana hiari ya kukipunguza hata akiona sababu za huruma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bunge likaongeza wizi wa mabavu. Kosa hili, lililo katika kifungu cha 296(2), linatimia mwizi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi au kumpiga mwathiriwa. Mojawapo ya mambo hayo matatu yatosha. Sababu iliyotolewa ilikuwa wimbi la uporaji wa kutumia bunduki, hasa kwenye mabenki na magari ya mishahara. Athari yake mitaani, hata hivyo, ilikuwa kwamba vijana wawili waliomnyang'anya mpita njia saa ya mkononi huko Jogoo Road, bila bunduki wala jeraha, waliingia katika maneno ya sheria ile ile iliyotungwa kwa majambazi wa benki.

Hapo ndipo ulinganisho wa kifo na kifungo kirefu unapopata mfano ulio karibu kabisa. Tanzania, yenye miji iliyosumbuliwa na ujambazi wa silaha za aina moja na uliovuka mpaka ule ule, iliuadhibu wizi wa kutumia silaha kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Uganda na Kenya zilichagua kitanzi. Kama kifo kingekuwa na nguvu ya pekee ya kuzuia, mtu angetazamia kwamba Nairobi ingekuwa na amani kuliko Dar es Salaam katika miongo iliyofuata. Lakini hakuna mkazi wa Nairobi wa miaka ya 1990, aliyezoea kufika nyumbani kabla ya giza na kusikia habari za magenge yaliyotafutwa nchi nzima, atakayesema hivyo. Tena sheria hiyo ilikuwa na hatari ya ndani ambayo watungaji wake hawakuipima: mnyang'anyi anayejua kwamba atahukumiwa kifo kwa simu aliyochukua hana sababu ya kisheria ya kumwacha hai mwenye simu, ambaye ndiye shahidi.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa mahali kesi hizo zilipoamuliwa. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, mbele ya jaji, na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Wizi wa mabavu, ambao adhabu yake ni ile ile, husikizwa na hakimu, na kwa miongo mingi mshtakiwa maskini alijitetea mwenyewe. Mkazi wa Eastlands aliyefikishwa katika mahakama ya Makadara kwa kosa hilo alilazimika kumhoji polisi aliyemkamata, kupinga gwaride la utambulisho, yaani utaratibu wa kumtambua mshukiwa akiwa amepangwa pamoja na watu wanaofanana naye, na kuandika rufaa yake mwenyewe akiwa rumande, huku kushindwa kwake kukimaanisha kifo. Ushahidi wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mtu mmoja aliyeporwa usiku, kwa dakika chache, kwenye uchochoro usio na taa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuonya mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, kwamba utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu wahitaji kupimwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumtia mtu hatiani, na onyo hilo limenukuliwa katika rufaa za Kenya mara zisizohesabika. Kwamba limehitajika kunukuliwa mara nyingi hivyo ni dalili kwamba mahakama za chini zimelisahau mara nyingi. Katiba ya 2010, na baada yake Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, zimeahidi wakili wa Serikali pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila yeye. Ahadi hiyo ni njema, ila iliwakuta maelfu wakiwa wameshahukumiwa.

Haitakuwa haki kuwaeleza wakazi wa mitaa hii kama washtakiwa watarajiwa tu. Wao pia ndio walioporwa. Mwenye kibanda cha mboga Kariobangi, utingo wa matatu aliyemalizia zamu usiku, mlinzi aliyetembea kwa miguu kutoka Industrial Area hadi Dandora kuokoa nauli, hawa waliishi na hofu ambayo wakazi wa nyumba zenye mageti na walinzi hawakuijua, na ni katika hofu hiyo ambamo kilio cha kutaka mwizi afe kilipata nguvu, hata umati ukamchoma mshukiwa kwa tairi kabla polisi hawajafika. Kilio hicho hakifai kudharauliwa. Kilichokosekana kwa watu hao, ukichunguza madai yao, kilikuwa uhakika: uhakika kwamba polisi watakuja, kwamba aliyekamatwa hataonekana tena mtaani baada ya wiki moja kwa sababu ya rushwa, kwamba shahidi atalindwa. Kitanzi kilichokuwa Kamiti hakikutoa uhakika wa namna hiyo hata mmoja, na kifungo cha miaka mingi kinachotolewa bila kukosa kingeutoa.

Watu wa mwisho kunyongwa Kenya waliingia katika historia kupitia Eastlands pia. Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, wanajeshi wa anga wa vyeo vya chini, walikuwa miongoni mwa viongozi wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo kambi ya anga ya Eastleigh ilikuwa kiini chake. Liliposhindwa walikimbilia Tanzania kwa ndege, wakarudishwa, wakahukumiwa kwa uhaini na kunyongwa Kamiti Julai 1987. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa kwa amri ya mahakama, ingawa mahakama ziliendelea kuamuru hivyo karibu kila mwezi.

Matokeo yake yalikuwa adhabu ya tatu, ambayo sheria haikuitaja: kungoja. Wafungwa waliohukumiwa kifo, wengi wao kwa wizi wa mabavu, walirundikana kwenye vyumba vya Kamiti na magereza mengine, hawaruhusiwi kufanya kazi wala kujifunza ufundi, kwa kuwa aliyehukumiwa kufa hakuonekana kuwa na kesho ya kuandaliwa. Rais Mwai Kibaki alianza kuwapunguzia baadhi yao mwaka 2003, na Agosti 2009 akabadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 kuwa vifungo vya maisha, akieleza kwamba kungoja kwa muda mrefu kulikuwa mateso ya akili. Rais Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747 Oktoba 2016, na Rais William Ruto akafuata mwaka 2023. Huruma hizo zilijibu mateso ya kweli, lakini ziliacha mahakama zikiendelea kukijaza kile ambacho Ikulu ilikimwaga kila baada ya miaka michache. Baadhi ya waliopunguziwa walitumia nafasi hiyo kwa njia ambayo mnyongaji angeizuia: wafungwa wa Kamiti na Lang'ata wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa gerezani, wakawaandalia wenzao rufaa, na wengine wakaachiliwa huru kwa rufaa zao wenyewe.

Wakati kitanzi kikikaa bila kazi, kifo cha bila kesi kiliongezeka mitaani, na hii ndiyo sura chungu zaidi ya historia hii. Vikosi maalumu vya polisi viliundwa na kuvunjwa, kimoja baada ya kingine, vikituhumiwa kuwaua washukiwa. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, aliyezuru Kenya mwaka 2009, alieleza mauaji ya polisi kuwa ya kawaida na yasiyoadhibiwa, na Oktoba 2022 kikosi kingine, Special Service Unit, kilivunjwa kwa tuhuma za aina hiyo hiyo. Kituo cha haki za jamii cha Mathare kilichapisha mwaka 2017 ripoti iliyokusanya, kwa ushuhuda wa wakazi wenyewe, visa vya vijana waliouawa hivyo. Katika miaka hiyo hiyo, Kayole na Dandora zilizoea kurasa za mitandao ya kijamii zenye jina la Hessy, ambazo ziliweka picha za vijana wakionywa, na baada ya siku chache picha za maiti zao. Hayo hayakuwa adhabu ya kifo kwa maana ya sheria. Lakini Serikali iliyoufundisha umma kwa vizazi viwili kwamba mwizi anastahili kufa iliandaa ardhi ambayo risasi ya bila kesi iliota, na baadhi ya wakazi waliishangilia kwa sababu ile ile waliyodai kitanzi.

Mahakama zilikuwa zikisonga mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2010, katika kesi ya Godfrey Mutiso, Mahakama ya Rufaa ilisema kifo cha lazima kwa mauaji kinapingana na Katiba, kwa hoja zilizofanana na zile ambazo Mahakama ya Juu ya Uganda ilizitoa katika kesi ya Susan Kigula mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa, katika kesi ya Joseph Njuguna Mwaura, ikautengua msimamo wake. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya wizi wa mabavu havikuyatenga vya kutosha makosa makubwa na madogo. Kisha tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini, iliamua katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu kwamba kumnyima jaji hiari ya kuchagua adhabu ni kumnyima mshtakiwa haki ya kesi yenye usawa. Haikusema kwamba kifo chenyewe ni haramu, kwa kuwa ibara ya 26 ya Katiba inaruhusu uhai kuondolewa pale sheria iliyoandikwa inaporuhusu. Ilisema kwamba ni lazima mtu asikilizwe kabla ya kuamuliwa afe.

Wafungwa kwa maelfu, wa wizi wa mabavu wakiwemo, waliomba hukumu zao zipitiwe upya, na mahakimu na majaji wengi wakawapa vifungo vya miaka mahususi. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi na kufafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee, na kwamba makosa mengine yanayobeba kifo cha lazima yangehitaji kesi zake. Hivyo kukazuka hali ambayo ni vigumu kuieleza kwa mzazi yeyote wa Huruma au Mukuru: jaji anayemhukumu aliyeua ana hiari ya kumpa miaka 20, na hakimu anayemhukumu aliyepora bila kuua anasoma kifungu kisichompa hiari hiyo.

Kifungo cha maisha nacho, ambacho ndicho kifo kilibadilishwa kuwa, kimekuwa na safari yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi ilisema kwamba kumfunga mtu bila tarehe ya kutoka wala nafasi ya kuonyesha kwamba amebadilika ni kumvunjia utu wake, na baadaye jopo jingine la mahakama hiyo likayakadiria maisha kuwa miaka 30. Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi wa Malindi, ikieleza kwamba kuweka ukomo wa kifungo cha maisha ni kazi ya Bunge. Ukomo huo, uwe wa miaka 30 au mwingine, ndio unaokipa kifungo kirefu haki yake juu ya kitanzi, kwani bila huo mfungwa wa Kamiti amehamishwa tu kutoka kungoja kifo cha kamba hadi kungoja kifo cha uzee. Bunge halijauweka, na kifungu cha 296(2) kinaendelea kusomwa kwenye hati za mashtaka za Makadara kwa maneno yale yale yaliyotungwa kwa ajili ya majambazi wa benki wa miaka ya 1970.